Ushahidi wa Otis

Mbwa hakuletwa kizimbani.
Alikuja Sajenti Hnatiuk, theluji ikiyeyuka mabegani,
akashika Biblia kwa niaba ya wawili.

Mimi kazi yangu kunong'ona.
Mahakama ya Brandon, Manitoba, mwezi wa pili,
nimeketi bega kwa bega na Mushagalusha
wa Uvira, wa zamu ya usiku kiwanda cha nguruwe.
Namtilia sikioni Kiswahili cha Tanga,
ananirudishia cha ziwani,
tunakutana njiani.

"Mbwa aliashiria," asema sajenti.
Hapo nikakwama.
Kuashiria ni kwa mwenye nia:
trafiki na mkono wake, bubu na vidole vyake.
Otis alibweka mara moja, akalala chini
mbele ya buti la gari,
na ndani ya buti mlikuwa na mabuti ya kazini.
Basi. Mengine yote
aliyasema sajenti.

Harufu ya nini? "Ya mauti."
Lugha yangu si maskini wa pua:
ina kunukia na kunuka, ina kuvunda,
shombo la samaki, kutuzi la jasho, riha ya udi.
Lakini kile kinachodaiwa kusalia
mwili ukishaondoka na zulia likafuliwa,
hicho hatukukipa jina.
Nikasema, "mabaki ya harufu."
Mushagalusha akauliza, "Inabakia wapi, mama,
kama mtu mwenyewe haiko?"
Mkalimani hana majibu yake.
Nikatazama mbele.

Lwaboshi, waliyepanga naye chumba,
alionekana mwisho Oktoba, dukani,
akinunua vocha ya simu na ndizi tatu.
Hapajapatikana mwili, wala damu, wala unywele.
Ipo pua.

Wakili Thorsteinson akasimama, miwani kichwani.
"Otis hukosea mara ngapi?"
"Hajawahi."
"Umejuaje?"
"Akibweka pasipo kitu,
maana yake kitu kilikuwapo, kikaondolewa."
Hata karani aliacha kuandika.
Nililifasiri mara mbili, la pili polepole,
kama mtu azungukaye nyumba akitafuta mlango.

"Na alifunzwa kwa nyama ya nani?"
"Mwanzoni nguruwe. Maiti ya mtu
si kitu cha kuagiza buchani."
Mushagalusha akavigeuza viganja vyake, akavisoma:
miaka minne ya kupasua,
sabuni ya kiwanda isiyofika chini ya kucha.

Mwendesha mashtaka akamaliza na methali ya kwao,
ya moshi na moto. Nikampa mtu wangu yetu:
dalili ya mvua mawingu.
Akatabasamu, mara ya kwanza wiki ile.
"Mama, kwetu Uvira mawingu inapita kila siku,
inaenda kunyesha Burundi."
Sheria ingenitaka nilitafsiri hilo kwa sauti.
Jaji alikuwa ameshainuka.

Jioni, maegesho yameganda.
Otis yumo nyuma ya gari la sajenti,
kioo kimeachwa wazi vidole viwili.
Napita na mkoba wangu, kichwa kimejaa maneno ya watu.
Alhamisi usiku tulimwosha Bi Zuwena,
mimi na wanawake wawili, chumba cha nyuma msikitini:
maji ya uvuguvugu, mkunazi,
kafuri ya mwisho. Alikuwa mwepesi.
Nililivaa koti hili hili kurudi nyumbani.

Otis akainua pua.
Akanikazia macho kama anijuaye kwa jina,
akabweka mara moja,
akalala chini.

Sajenti akacheka, akipapasa funguo mfukoni.
"Usimjali," akaniambia. "Huyo ana njaa tu."

Hilo sikulifasiri.
Hapakuwa na mtu pale
asiyejua Kiingereza.